Saa Zilizopita Njia ya Unyamwezi

Mwaka jana nilinunua saa ya mkono ya kutia ufunguo, isiyotumia betri, kwa mtu wa mbali nisiyepata kumwona uso. Picha yake niliiona katika simu, fedha nikalipa kwa simu, na saa yenyewe ikafika Tabora kwa basi baada ya majuma matano. Kwa macho ilikuwa nzuri. Siku ya Ijumaa niliilinganisha na saa ya redio, maana Jumatatu tulikuwa na mtihani wa majaribio wa hesabu, na simu haziruhusiwi chumbani. Tulianza kwa kengele ya shule, wala sikuitazama saa yangu wakati ule. Nilipoitazama mwishoni ilinionyesha kwamba saa mbili za mtihani zimekwisha, nikakusanya karatasi. Kumbe katika siku tatu ilikuwa imekimbia dakika 20, na dakika hizo nimewanyang'anya watoto. Binti mmoja alikuwa amebakiza maswali mawili aliyoyajua sana, akalia. Tuliurudia mtihani siku ya Alhamisi. Lakini aibu yangu haikurudiwa wala kufutwa.

Nilimwandikia muuzaji. Alinijibu kwa adabu nyingi kwamba niirudishe saa kwa gharama yangu mwenyewe, na gharama hiyo ilikuwa kubwa kuliko bei ya saa.

Basi katika hasira ile nikakumbuka kwamba mimi si mtu wa kwanza katika nchi hii kuagiza kitu mbali na kupokea kisichofaa. Mji wetu wa Tabora ulikua kwa biashara ya vitu vya mbali. Kaze, Kwihara, na vijiji vingine vya Unyanyembe vilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika hapa, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Na katika mizigo ile saa zilikuwamo.

Bwana Burton na Bwana Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze tarehe 7 Novemba. Walichukua kronomita, yaani saa za usahihi mkubwa, zilizotengenezwa kwa kazi ya mabaharia na wapimaji wa nchi. Msomaji atauliza, mtu anayekwenda kwa miguu ana haja gani na saa ya namna hiyo? Haja yake ni hii. Dunia huzunguka digrii 360 kwa siku moja, yaani digrii 1 kwa kila dakika 4. Mtu akijua kwa jua au kwa nyota ni saa ngapi mahali alipo, na akiwa na saa inayomwambia ni saa ngapi Greenwich kule Uingereza wakati uo huo, tofauti ya saa hizo mbili humwambia yuko umbali gani mashariki au magharibi. Tabora iko mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 11 hivi, kwa kulifuata jua. (Ndiyo sababu jua letu huwa kichwani karibu na saa saba kasorobo mchana, si saa sita kamili; maana Serikali hufuata saa moja kwa nchi nzima.) Lakini ole wake mpimaji kama saa yake imekosa dakika 4! Hapo mji wote wa Tabora huhamishwa katika ramani karibu kilometa 110.

Ubora wa kronomita haukuwa katika kutokukosa hata kidogo. Saa zote hukosa. Kabla ya kutolewa, saa ilipimwa siku nyingi, na mwendo wake ukaandikwa: hii hupoteza sekunde kadhaa kwa siku, ile huzidisha kadhaa. Saa inayopoteza sekunde 10 kila siku bila kubadilika ni saa njema, maana mwenyewe hujua la kuongeza. Iliyo mbaya ni ile inayopoteza 2 leo na kuzidisha 15 kesho. Na mwendo uliopimwa vizuri Ulaya haukuwa na mtu wa kuulinda katika njia ya Ugogo, penye vumbi, na joto, na mabega ya wapagazi. Saa za Burton na Speke ziliharibika moja baada ya nyingine. Fundi hakuwako, wala duka la kurudishia. London ilikuwa mbali kwa miezi mingi.

Walifanyaje? Walichukua risasi nzito ya wakia 4, wakaifunga kwa uzi wa inchi 39, wakautundika kwenye tupa ya pembe tatu iliyowekwa katika tawi la mti, mahali pasipo upepo. Uzi wa urefu huo huyumba mara moja kwa sekunde moja. Mmoja akatazama nyota, na mwingine akahesabu myumbo. Nimeijaribu kazi hii pamoja na wanafunzi wangu chini ya mwembe, kwa jiwe na kipande cha kamba, nasi tukastaajabu jinsi inavyokubaliana na saa ya redio.

Bwana Livingstone naye alipatwa na hayo. Januari 1867, alipokuwa akielekea Ziwa Tanganyika kutoka kusini, kijana aliyezibeba kronomita zake aliteleza akaanguka. Saa hazikusimama. Ziliendelea kulia kama kwanza, ila mwendo wake ulikuwa umebadilika, na vipimo vilivyofuata vikaingia kosa. Kwangu mimi hili ni baya kuliko saa iliyovunjika, kwa kuwa iliyovunjika haimdanganyi mtu.

Tuziache saa kidogo tutazame bidhaa nyingine, kwa maana mnunuzi wa Unyamwezi hakuwa mjinga wa kupokea kila alicholetewa. Ushanga ulitoka Venice, na Burton aliandika kwamba aina zake zilikuwa karibu 400. Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 alitaabika sana kujua anunue upi. Aliambiwa kwamba Unyamwezi wanataka mwekundu, uitwao samisami, na kwamba mweusi unapita kama fedha Ugogo lakini kwingine hautazamwi. Ule mkubwa kama mayai ya ndege, uitwao sungomaji, ulipendwa Ujiji. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alikuwa amebeba mzigo wa changarawe kutoka pwani. Sheria hii hakuiweka Sultani wala balozi. Waliiweka wanawake na wanaume wa vijijini, kwa kukataa tu.

Na nguo vilevile. Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Marekani, katika viwanda vya Massachusetts. Viwanda vya Uingereza na wafumaji wa Kutch waliiga, lakini katika siku za Burton watu hawakuipenda nguo ya kuigwa, wakisema kwamba haistahimili kufuliwa. Kipimo chake kilikuwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Msomaji ataona mara moja mahali pa ugomvi, maana mikono ya watu haina urefu mmoja! Lakini ugomvi ule ulikuwa na faida. Nguo ilikunjuliwa, ikashikwa, ikavutwa, ikapimwa mbele ya watu, na muuzaji amekaa papo hapo juu ya mkeka. Kama ilikuwa mbovu, alisikia habari zake siku ile ile.

Taabu ilikuwa kwa yule aliyeagiza mali kutoka Unguja asiwepo yeye mwenyewe wakati wa kufungwa wala wakati wa kusafirishwa. Habari ya Livingstone ndiyo kubwa kuliko zote nizijuazo. Alirudi Ujiji kutoka Manyema mwezi wa Oktoba 1871, amedhoofika, akitumaini kukuta mali yake iliyotumwa na ubalozi wa Uingereza wa Unguja: nguo yadi 3,000 na ushanga ratili 700. Hakukuta kitu. Aliyekabidhiwa mali ile, jina lake Sherifu, alikuwa amepiga bao kwa Kurani na kupata kwamba Livingstone amekufa. Akauza kila kitu kwa pembe na watumwa. Livingstone aliandika barua ya mashtaka kwa balozi tarehe 30 Oktoba. Lakini barua kufika Unguja ni miezi, na jibu kurudi ni miezi mingine. Kama si Stanley kutokea siku chache baadaye akiwa na mizigo, barua ile isingalimpa chakula.

Msafara wa pili wa mali yake ulikuwa umetayarishwa Unguja tangu Novemba 1870, ukakaa Bagamoyo siku zipatazo 100 bila kuondoka. Masanduku yake yalifunguliwa hapa Kwihara, Livingstone na Stanley walipofika pamoja tarehe 18 Februari 1872. Chupa za mvinyo mkali zilikutwa zimevunjika, kana kwamba sanduku limeanguka njiani. Livingstone hakukubali upesi. Aliziangalia shingo za chupa, akaona vizibo vya kwanza vimesukumwa ndani na mahali pake pametiwa magunzi ya mahindi. Basi akajua kwamba mvinyo ulinywewa kwanza, na chupa zikavunjwa baadaye. Hata hivyo, amdai nani? Aliyeuza yuko Unguja, na waliobeba wametawanyika.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nimemshtaki muuzaji wangu kabla ya kuangalia shingo ya chupa. Nilimpelekea saa fundi mmoja sokoni. Hakuifungua. Aliweka dira ndogo juu ya meza na kuisogeza saa karibu, na sindano ya dira ikageuka. Saa ilikuwa imeshikwa na usumaku, na kamani yake ndogo, iliyo nyembamba kama unywele, ilikuwa imegandamana, ndiyo sababu ikakimbia. Huenda iliwekwa karibu na spika katika basi, huenda ghalani, huenda juu ya dawati langu mwenyewe. Sisemi kwamba muuzaji hana lawama, maana hakutia karatasi ya kuonyesha kwamba saa ile ilipata kupimwa. Mtambo mmoja wa Kijapani unaotiwa katika saa nyingi za bei nafuu huruhusiwa na wenye kuutengeneza kupoteza sekunde 20 au kuzidisha sekunde 40 kwa siku. Saa za Uswisi zenye cheti cha kronomita, kupoteza 4 au kuzidisha 6. Yangu ilizidisha karibu dakika 7.

Turudi Kwihara. Stanley aliondoka mwezi wa Machi 1872, na Livingstone akangojea mzigo wa tatu. Safari hii Stanley aliwachagua watu yeye mwenyewe huko Unguja, akawaandikisha, wakafika tarehe 14 Agosti na mali. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa katika shule ya misioni ya Nasik, Bara Hindi. Chuma na Susi walikuwa na Livingstone tangu zamani.

Tarehe 30 Aprili 1873, katika kijiji cha Chitambo, Livingstone hakuwa na nguvu tena. Alimwomba Susi ampe saa yake, akamwonyesha jinsi ya kuishika katika kiganja, naye akaigeuza ufunguo polepole. Usiku ule akafariki. Asubuhi, kabla ya jambo lingine, watu wale waliyafungua masanduku mbele ya wote, ili asipatikane wa kusingiziwa wizi, na Jacob akaandika orodha: fedha kidogo, kofia, saa 1, dira 1, na vyombo vya kupimia kimoja kimoja.

Kisha wakabeba mwili na mali. Walipofika Unyanyembe, Oktoba 1873, walimkuta Bwana Cameron, naye akavichukua vyombo vya kupimia kwa ajili ya safari yake, iliyofika bahari ya magharibi mwaka 1875. Vilivyobaki walivifikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

Fundi aliitoa saa yangu usumaku kwa dakika chache. Sasa hupoteza sekunde 15 kwa siku, kila siku, nami nimeuandika mwendo wake katika karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha dawati, tarehe kwa tarehe, na watoto wa darasa la saba ndio wanaoupima.