Ujuzi hauzeeki, lakini hukosa soko

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Leo, ndugu msikilizaji, naomba niwabishie wahenga kidogo.

Hadi miaka ya 1880, magazeti yalipangwa kwa mkono, fundi akiokota herufi moja moja ya risasi. Tarehe 3 Julai 1886 gazeti la New York Tribune likaanza kutumia mtambo wa Linotype, uliobuniwa na Ottmar Mergenthaler, mhamiaji kutoka Ujerumani. Fundi alibonyeza vibonye, na mtambo ukamwaga risasi ya moto na kutoa mstari mzima kwa mkupuo. Mtambo huo ulifanya kazi ya watu kadhaa, lakini chama cha wapiga chapa kilisimama imara kudai kwamba wanaoketi mbele yake wawe mafundi wale wale. Ujuzi ulihama, haukufa.

Kompyuta ilikuja na mambo mengine. Mwandishi akishachapa habari yake, tayari ameipanga. Fundi wa nini tena?

Huko New York walipambana kwanza. Mgomo ulioanza Desemba 1962 ulidumu siku 114. Hatimaye, mwaka 1974, wakapatana: New York Times na Daily News yalete kompyuta, na mafundi waliopo wahakikishiwe ajira mpaka wastaafu. Julai 1978 New York Times likapangwa kwa risasi mara ya mwisho, na mafundi wakafunzwa kazi mpya.

London mambo yalikuwa mengine. Ni kweli kwamba mafundi wa huko walikuwa wameikatalia kompyuta kwa miaka. Januari 1986 Rupert Murdoch akahamishia magazeti yake manne Wapping, na wafanyakazi zaidi ya 5,000 waliogoma wakafukuzwa. Waliandamana nje ya lango kwa zaidi ya mwaka, wakashindwa.

Kompyuta ilifika kote kuwili. Kilichotofautiana ni makubaliano.

Mafundi walionipokea redioni walikata utepe wa sauti kwa wembe na kuuunga, msikilizaji asijue palipokatwa. Leo kazi hiyo naifanya mwenyewe kwa kompyuta. Sikumbuki hata siku moja tuliyokaa kuulizana wao wangekwenda wapi. Sasa ipo mitambo inayoweza kusoma taarifa ya habari, na swali ambalo sikuwaulizia wenzangu limefika mezani kwangu.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.