Kiwambo

Neno kiwambo asili yake ni kitenzi kuwamba, yaani kuivuta ngozi juu ya ngoma hata ikakazana. Nalo siku hizi hutajwa pia kwa kile chombo kifungwacho mdomoni mwa mtutu ili kupunguza kishindo cha baruti, ambacho Hiram Percy Maxim wa Marekani alikipatia hataza mwaka 1909. Wadhanio kwamba kiwambo huondosha gesi ya baruti wameghafilika, kwani huizuia tu. Na katika bunduki ijipakiayo risasi yenyewe, sehemu ya gesi iliyozuiwa hurejea kwa nguvu mtutuni, ikaacha masizi katika chemba na komeo, ikayakausha mafuta, na kulirudisha komeo kwa kasi ipitayo kiasi. Kwa hiyo aimilikiye silaha hiyo kwa idhini ya sheria hana budi, baada ya kuzitoa risasi zote na kuhakikisha kwamba chemba i tupu, kuyafuta masizi mapema, kupaka mafuta ya kutosha palipo na msuguano, na kuipunguza gesi iwapo mtambo una kirekebishi chake. Neno, basi, limesadifu maana: kama ngozi iwambwayo mdomoni mwa ngoma, kiwambo ni kizuizi, na kizuizi chataka matunzo ya daima.