Feza za mashirika ya mazingira: mradi unaisha, biro inafungwa

Mashirika mengi ya mazingira huku Kivu na Ituri yanaishi kwa feza ya mradi: kupanda miti, kutengeneza majiko bora ao kulinda vyanzo vya maji. Feza hiyo iko na tarehe ya mwisho. Ile ya kuendesha shirika lenyewe, ni kusema kodi ya biro, mushahara na mafuta ya pikipiki, inapatikana kwa shida.

Mfano ni programu ya misaada midogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani (FEM), inayoendeshwa na PNUD tangu 1992. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa dola 50 000 kwa mradi moja. Feza inatoka kwa awamu, kisha raporo.

Mbele ya kutoa feza, wafadhili wengi wanaomba makaratasi: statuti, konti ya benki kwa jina la shirika, na utambulisho wa kisheria. Huo, kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida, unatolewa na waziri wa sheria.

Hasara inaonekana shambani. Miche iliyopandwa mwezi wa tisa inahitaji mulinzi mupaka kiangazi cha mwezi wa sita. Mradi ukiisha mwezi wa tatu, hakuna wa kumulipa, na mbuzi zinamaliza miche.

Kwa hiyo mulinzi, usafiri na garama za benki viandikwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Michango ya wanamemba, hata midogo, ibaki kwa kodi ya biro.