Alexandria: deni la mji na walioligharimia

Msikilizaji anayevuka mto Potomac kutoka Washington hadi Alexandria huingia jimbo la Virginia. Kabla ya mwaka 1846 asingekuwa ametoka Wilaya ya Columbia, kwani mji huo ulikuwa sehemu yake. Kudorora kwa uchumi ni miongoni mwa sababu zilizoutenganisha.

Bandari ya Alexandria, iliyoishi kwa kusafirisha ngano na unga, ilikuwa ikipokonywa biashara na Baltimore. Mji ukaahidi dola 250,000 kwa kampuni ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, kwa fedha za mkopo. Faida haikuonekana, na mwaka 1836 Bunge la Marekani likalazimika kulibeba deni hilo. Mwaka uliofuata, mabenki kote nchini yalisitisha kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha.

Wafanyabiashara waliilaumu Wilaya, wakaomba kurudi Virginia. Mwezi Septemba mwaka 1846, kura 763 ziliafiki na 222 zikapinga. Watu weusi hawakuruhusiwa kupiga kura.

Chini ya sheria za Virginia, shule za weusi huru zilifungwa. Bunge lilipopiga marufuku biashara ya watumwa katika Wilaya hiyo mwaka 1850, Alexandria haikuguswa. Wafanyabiashara wa watumwa wa mtaa wa Duke waliendelea kuuza watu hadi majeshi ya Muungano yalipoingia mwaka 1861.

Deni lilikuwa la mji. Waliolipa gharama kubwa kuliko wote ni familia ambazo hazikuulizwa.