Binadamu Aliyehesabiwa kwa Viungo

Mwaka 2005 mwandishi Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki aliyelelewa Uingereza, alitoa riwaya iitwayo Never Let Me Go, ambayo ndani yake watoto walionakiliwa kutoka miili ya watu wengine hulelewa katika shule ya bweni, na wakishabaleghe hutolewa viungo kimoja baada ya kimoja ili kuwaponya wagonjwa, mpaka wafe. Na walezi wao hukusanya michoro yao ili wauthibitishie ulimwengu ya kuwa viumbe hao nao wana roho. Wengi waliisoma kama onyo la mambo yajayo, maana ilikuwa imepita miaka tisa tu tangu kondoo Dolly kuzaliwa huko Scotland kwa seli ya kondoo mwingine. Lakini katika nchi ya Wasukuma huko Tanzania, kutoka Shinyanga hata Geita, dhana ya kuwa mtu aweza kuzaliwa na mwanamke, akapewa jina, kisha akahesabiwa kuwa hazina ya viungo, haikungojea maabara, kwa kuwa miaka michache tu tangu riwaya ile itoke ilikwisha kuwa biashara ya viungo vya watu wenye ualbino.

Wapo wasemao kwamba mauaji ya watu wenye ualbino ni mila ya kale ya watu wa Kanda ya Ziwa Victoria. Kauli hiyo siikubali, kwa sababu inawapa wauaji udhuru wa mababu. La kale ni itikadi kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka, pamoja na dhuluma ya baba kumkana mtoto na kumtuhumu mama kuwa amelala na jini, ilhali ualbino hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Soko la viungo, lenye mnunuzi, dalali na bei, ni jambo la zama zetu, na chimbuko lake halina budi kutafutwa penye fedha.

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, na mgodi uliochimbwa wakati wa Waingereza ulifungwa mwaka 1966. Baadaye, serikali ilipolegeza masharti ya biashara ya madini, wachimbaji wadogo walimiminika Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu. Kisha, kwa nguvu ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998, yakaja makampuni makubwa, mgodi wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000 na wa Bulyanhulu 2001, mahali ambapo wachimbaji wadogo walikwisha kuondolewa mwaka 1996. Bei ya dhahabu, iliyokuwa chini ya dola 300 kwa wakia mwaka 2001, ilivuka 1,000 mwezi Machi 2008. Mtu aweza kuchimba duara, yaani shimo la machimbo, miezi mingi akakopa chakula, mbao na maji, asipate kitu, na jirani yake, katika mwamba ule ule, akatajirika kwa wiki moja. Na kwa kuwa hakuna awezaye kumweleza kwa nini riziki imempita yeye ikamwangukia mwenzake, huenda kwa mganga, na baadhi ya waganga ndio waliozua dawa hii ya mfupa na nywele za binadamu mwenzao, wakaiuza kwa wachimbaji, na kwa wavuvi wa Ziwa pia, kama itiayo bahati.

Mwandishi wa habari Vicky Ntetema aliifichua biashara hiyo mwaka 2008, akalazimika kujificha kwa vitisho. Mwaka ule ule Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge, na Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga wa jadi. Hata hivyo tukio ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote ni la Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipoketi Kahama na kuwahukumu kifo watu watatu waliomuua mvulana wa miaka 14 huko Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa ya Shinyanga na leo ni ya Mkoa wa Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini, na haikuhitaji sheria mpya: viumbe wa riwaya hudai kwanza watambuliwe kuwa watu, bali mtoto wa Bukombe alikuwa mtu mbele ya sheria siku zote, na waliomuua walishtakiwa kwa kosa la mauaji, kama angeshtakiwa yeyote aliyemuua mwana wa hakimu.

Watoto wenye ualbino waliokuwa hai, kwa hofu, walikusanywa katika shule ya Buhangija mjini Shinyanga, ambamo wasioona na viziwi walikuwa wakifundishwa tangu awali. Bweni la shule hii lina shabaha iliyo kinyume kabisa na lile la riwayani, yaani kuwaweka hai, na waliolisimamia wanastahili shukrani. Lakini baadhi ya wazazi waliowaleta wana wao hawakurudi tena kuwaangalia, na mtoto akakulia ndani ya ukuta asiijue lugha ya nyumbani kwao wala ndugu zake. Kumlinda na panga ni wajibu ambao serikali iliutimiza kwa kiasi chake. Kumrudisha kwao Kahama, Bukombe au Chato, alale nyumbani kwa baba yake bila askari mlangoni, ni haki yake ambayo bado anaidai.