Chupa ya Maji Kikuubo

Kwa Kiganda, kikuubo ni kichochoro, njia nyembamba. Ukiingia Kikuubo ya Kampala mara ya kwanza unaelewa jina kabla hujauliza. Maduka ya jumla yamebanana pande zote mbili: sukari, chumvi, mchele, sabuni, mafuta. Wapagazi wanapita na magunia wakipiga kelele "Fasi! Fasi!" na sisi tuliotoka Kongo tunacheka, sababu hilo neno ni letu pia. Ukichelewa kusogea, gunia lenyewe linakusogeza. Watu wanatoka hadi Juba na Bunia kuja kununua pale. Mimi nilitoka Nakivale, nimetumwa na kikundi chetu cha sabuni, kununua kostiki soda.

Naandika haya kwa sababu niliunguza mikono ya mama mmoja.

Mimi ndiye nilikuwa nawafundisha vijana na akina mama kutengeneza sabuni ya mche kwa mafuta ya mawese. Maelezo yangu yalikuwa ya vikombe: mawese vikombe kadhaa, soda kikombe kimoja. Mara ya kwanza soda ilikuwa ya maganda maganda, na sabuni ikatoka nzuri. Mara ya pili nilileta kutoka Kikuubo soda ya punje ndogo, kama mtama. Kikombe kilikuwa kilekile. Baada ya wiki mbili yule mama akanionyesha viganja vyake, vyekundu, vimechubuka. "Mwanangu, sabuni yako inakula watu." Sikuwa na la kujibu zaidi ya pole mama.

Kosa langu ni la zamani sana. Kule pwani babu zetu walikuwa na vipimo vya aina mbili. Kibaba na pishi vilipima nafasi: unajaza chombo, na vibaba vinne ni pishi moja. Frasila ilipima uzito, karibu kilo 16, na ndiyo iliyotumika kwa bidhaa ghali kama pembe za ndovu na karafuu. Hata kibaba chenyewe kilikuwa na namna mbili. Kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa mdomoni, cha tele ni kile chenye kilima juu. Nani anapewa mfuto na nani anapewa tele, hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. (Aliyewahi kupanga mstari wa mgao akitazama mkono wa anayechota unga, huyo hahitaji nimweleze.) Punje zinalala karibu karibu, maganda yanaacha hewa katikati. Kikombe kimoja, mata nyingi zaidi. Mata, kwa wale waliosahau daftari la kidato cha kwanza, ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Mimi nilipima nafasi, nikasahau uzito.

Basi nikarudi kwenye daftari langu. Mwaka 1823 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alitoa kitabu kuhusu mafuta. Alionyesha kwamba mafuta ni asidi zilizofungwa pamoja na gliserini, na soda inapoingia inavunja kile kifungo na kushikana na zile asidi. Hiyo ndiyo sabuni. Molekuli moja ya mafuta inashika asidi tatu, kwa hiyo inahitaji soda tatu. Si mbili na nusu, si nne. Ya nne inabaki bila mwenzake, na itamtafuta kwenye ngozi ya mtu.

Lakini nani anaweza kuhesabu molekuli? Hapa namshukuru John Dalton, mwalimu wa Manchester, Uingereza. Kuanzia 1803 alisema kila elementi ina atomu za uzito wake. Hatuwezi kuzipima moja moja, lakini tunaweza kuzilinganisha, tukiipa haidrojeni 1. Dalton mwenyewe alikosea hesabu nyingi. Oksijeni aliipa 7, leo tunajua ni 16. Wanafunzi wangu wanafurahi sana wakisikia hilo. Wazo lake ndilo lilibaki. Kostiki soda ina sodiamu 23, oksijeni 16, haidrojeni 1, jumla 40. Soda tatu ni 120. Molekuli ya mawese kwa wastani ni takriban 850. Gawanya 120 kwa 850, unapata 0.141. Yaani kilo moja ya mawese inataka gramu 141 za soda, na wenye busara wanapunguza kidogo, kama gramu 134, ili yabaki mafuta na isibaki soda. Na tafadhali, kilo ya mawese si lita ya mawese. Lita ina gramu 900 na kitu. Tena soda ndiyo inamwagwa kwenye maji, usimwage maji kwenye soda, yatakurukia usoni.

Nilipoiona ile 141 inatoka kwenye atomu na kuja mpaka sufuria yetu, nilikaa kimya kidogo. Kisha nikanunua mizani ndogo ya jikoni.

Tukapima mfuko wa soda niliouziwa Kikuubo kama kilo moja. Mizani yetu ikasema gramu 870. Kijana mmoja akasema tumeibiwa. Mwingine akasema hapana, hii mizani ya bei rahisi ndiyo mwongo. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema hivyo. Mizani mbili zikibishana, hakimu ni nani?

Ufaransa ilibishana hivyo nchi nzima. Kabla ya mapinduzi ya 1789 karibu kila mji ulikuwa na ratili yake, na wakulima walilalamika kwamba mabwana wanapokea nafaka kwa vipimo vyao wenyewe. Mapinduzi yalipokuja, wataalamu wakaambiwa watafute kipimo kisicho cha bwana yeyote. Wakachagua maji: uzito wa lita moja ya maji safi utaitwa kilo. Kati ya waliopima maji hayo alikuwa Antoine Lavoisier, yule aliyeonyesha kwamba ukifunga chombo vizuri, uzito wa vitu kabla ya kuchomwa na baada ya kuchomwa ni uleule. Wengi wanasema kemia ya leo ilianzia kwenye mizani yake. Lakini alikuwa pia mkusanya kodi, na watu hawakusahau. Walimkata kichwa Mei 1794. Kilo ya kwanza ya platini ikakamilika 1799, bila yeye.

Mwaka 1889 dunia ikakubaliana juu ya kilo nyingine, silinda ya platini na iridiamu, ikafungiwa Sèvres karibu na Paris, na nakala zake zikagawiwa nchi mbalimbali. Baada ya miaka kama mia moja wakazilinganisha, wakakuta zimeachana kwa karibu mikrogramu 50. Je, nakala zimeongezeka au ile mama imepungua? Hakuna aliyeweza kusema, sababu kwa sheria ile silinda haikuweza kukosea. Ni swali letu la Nakivale kabisa. Tarehe 20 Mei 2019 wakaistaafisha, na sasa kilo inatokana na namba ya fizikia ambayo haishikiki wala haichakai.

Sisi namba hiyo hatuwezi kuipima. Lakini maji tunayo. Tukachukua chupa ya dukani ya lita moja na nusu, haijafunguliwa, tukaiweka kwenye mizani ndogo. Gramu 1,530. Maji 1,500, na 30 za plastiki. Mizani yetu haikuwa mwongo.

Safari iliyofuata nilipanda basi na chupa ileile mfukoni. Dukani nikasalimia, nikaagiza kilo ya soda, na kabla hajapima nikaweka chupa kwenye mizani yake. Mwenye duka akacheka.

"Ssebo, leo umekuja kuniuzia maji?"

Mshale ukasimama kwenye kilo moja na robo tatu. Pembeni kulikuwa na stika ya UNBS, shirika la viwango la Uganda linalokagua mizani za biashara, lakini imefifia, mwaka hausomeki. Sikupaza sauti. Nilimwonyesha tu maandishi kwenye chupa: lita 1.5. Nyuma yangu mama mmoja mwenye orodha ndefu mkononi aliinama akatazama mshale, akatazama chupa, akamtazama mwenye duka.

Yule bwana akasema spring'i imechoka. Labda ni kweli, spring'i huchoka. Akaniongezea soda mpaka mizani yake ikasoma kilo moja na gramu 150.

"Na maji yako uyanywe," akasema.

Niliyanywa kwenye basi, hata Masaka hatujafika.