Habari za Chapa za Mkono, na Wachongaji wa Rorke's Drift

Neno chapa lina kazi nyingi katika Kiswahili. Ng'ombe hutiwa chapa ya moto ili mwenyewe amjue. Mzigo hutiwa chapa forodhani. Fedha ina chapa ya mfalme au ya dola. Na kitabu hupigwa chapa. Neno lenyewe lilivuka bahari likitoka Bara Hindi, na huko nako maana yake ni alama iachwayo na kitu kilichokandamizwa juu ya kitu kingine. Maana hiyo ya asili ndiyo tuitakayo hapa. Kwa maana watu wa siku hizi, wakisikia habari za chapa, hufikiri mashine kubwa zitoazo karatasi elfu kwa saa, wakasahau ya kuwa kabla ya mashine palikuwa na mkono, na kisu, na ubao.

Kazi hii ni ya kale sana. Wachina walikuwa wakichonga maandishi na picha katika mbao, wakipaka wino na kulaza karatasi juu yake, zamani ambapo Ulaya bado haikujua jambo hilo. Kiko kitabu cha dini ya Buddha kilichopigwa chapa kwa njia hiyo katika mwaka 868, nacho kimehifadhiwa hata leo. Ulaya ilianza kuchonga picha za namna hiyo kama mwaka 1400, na katika mwaka 1498 Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nürnberg, alitoa picha zake za Ufunuo wa Yohana, ambazo ziliingia katika nyumba za watu wasioweza kamwe kununua picha ya rangi. Hapo yaonekana faida ya chapa: kazi moja ya mkono huzaa nakala nyingi, na maskini naye hupata sehemu yake.

Lakini nia yetu si kusimulia habari za China wala za Ujerumani. Twataka kueleza habari za wachongaji wa Afrika ya Kusini, waliojifunza kazi hii katika kituo cha misioni, kwa sababu tumeona ya kwamba habari zao zatuhusu sisi tunaofundisha.

Kwanza yafaa msomaji aielewe kazi yenyewe. Wachongaji hao hawakutumia ubao sana, bali linoliamu, yaani kile kitandiko cha sakafu kilichovumbuliwa na Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860. Hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa hata yakagandamana, na unga wa gome la mti wa vizibo, juu ya nguo nene ya magunia. Ni kitu laini, hakina nyuzi kama mti, na kisu chaweza kwenda upande wowote bila kukwama. Mchongaji huchora picha yake juu, kisha hukomba kwa bobari ndogo mahali pote anapotaka pawe peupe. Mahali asipopagusa ndipo patakapokuwa peusi. Kisha hupitisha rola yenye wino juu yake, hulaza karatasi, na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, au kuitia katika shinikizo. Anayejua kazi ya milango ya pwani ataona mara moja ujamaa uliopo, kwa kuwa fundi wa nakshi naye haongezi ua juu ya ubao, bali huondoa kilicho kando, hata ua likasimama peke yake.

Mambo mawili humsumbua mwanafunzi. La kwanza ni kwamba picha hugeuka: mkono wa kuume hutokea kushoto, na herufi zisipochongwa kinyumenyume hazisomeki. La pili ni kwamba kosa halifutiki. Kilichokwisha kukombwa hakirudi. Zaidi ya hayo kisu chenyewe ni hatari, na hapa wazee wetu walikwisha kutuonya waliposema, Mchonga mwiko hukimbiza mkono wake.

Sasa na tufike mahali penyewe. Rorke's Drift ni kivuko cha mto Buffalo, katika mpaka wa kale wa nchi ya Wazulu, chini ya mlima uitwao Shiyane. Kiliitwa hivyo kwa jina la James Rorke, mfanya biashara aliyekaa hapo. Wazulu walipaita kwaJimu, maana yake kwa Jim. Baada ya kufa kwake misioni ya Waswidi ilipanunua mahali hapo katika mwaka 1878. Hazikupita siku nyingi ilipoingia vita, na usiku wa tarehe 22 na 23 Januari, 1879, askari Waingereza wapatao mia na hamsini walijitetea katika nyumba za misioni juu ya maelfu ya Wazulu. Askari kumi na mmoja walipewa nishani ya Victoria, na tangu siku hiyo jina la Rorke's Drift limesomwa katika vitabu vingi vya Kiingereza. Lakini ndani ya vitabu hivyo Mzulu aghalabu ni kundi tu, hana jina wala uso.

Katika mwaka 1961 walifika katika nchi hiyo Peder Gowenius na mkewe Ulla, walimu wa sanaa kutoka Uswidi, waliotumwa kusaidia kazi za mikono katika kanisa la Kilutheri. Walianza katika hospitali ya Ceza, wakiwafundisha wagonjwa waliolazwa muda mrefu, wasiokuwa na la kufanya ila kuhesabu siku. Mkalimani wao alikuwa Allina Ndebele, aliyekuwa akifanya kazi ya uuguzi hapo. Naye baadaye akawa mfumaji mashuhuri. Baadaye kazi ilihamia Umpumulo, na katika mwaka 1963 ikawekwa Rorke's Drift. Wanawake wa jirani walifuma mazulia na mapazia ya sufu yenye picha, wengine wakafinyanga vyungu, na wanaume kwa wanawake wakajifunza kuchonga linoliamu.

Miongoni mwa wagonjwa wa Ceza alikuwako kijana jina lake Azaria Mbatha, aliyezaliwa mwaka 1941 huko Mahlabathini. Alipewa bobari, naye hakuiweka tena chini. Hakuchonga nyumba za Ulaya wala maua ya Ulaya. Alichonga hadithi za Biblia alizozisikia tangu utoto, nazo alizigawa vyumba vyumba katika kipande kimoja, ili jicho liende toka chumba hata chumba kama mtu asikilizavyo msimuliaji. Yusufu anauzwa na ndugu zake, anafungwa, anainuliwa, anawasamehe. Na watu wote hao ni Waafrika, kwa nyuso na kwa mienendo.

Twawaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Wengi wetu tuliokulia katika shule za misioni tuliziona picha za Biblia zilizotoka ng'ambo, nazo zilikuwa na Yusufu mweupe, na Mariamu mwenye nywele za dhahabu. Tulizipenda, wala hatusemi ya kuwa waliotuletea walikuwa na nia mbaya. Lakini mtoto atazamaye picha hizo miaka mingi bila kuona uso mmoja ufananao na wa mama yake, hujifunza jambo ambalo mwalimu hakulitia katika somo. Hujifunza kwamba habari njema zilitokea kwa wengine, naye amekaribishwa mlangoni tu. Mbatha aliliondoa jambo hilo kwa kisu, pasipo kubishana na mtu.

Katika mwaka 1968 pakaanzishwa Rorke's Drift shule ya sanaa yenyewe. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo yapasa kukumbuka sheria za nchi ile wakati ule. Sheria ya mwaka 1953 ilikuwa imeiweka elimu ya Waafrika chini ya serikali, kwa nia ya kuwafundisha kwa kadiri ya utumishi tu, na sheria ya mwaka 1959 ikawafungia milango ya vyuo vikuu vya Wazungu. Kwa hiyo kijana Mwafrika aliyetaka kujifunza sanaa hata kupata cheti hakuwa na mahali pengi pa kwenda. Kituo hiki kidogo, mbali na miji, kilikuwa karibu peke yake. Walitoka hapo Dan Rakgoathe, na Vuminkosi Zulu, na Sam Nhlengethwa, na Cyprian Shilakoe. Huyu Shilakoe alipendelea njia nyingine, ya bamba la madini: bamba hupakwa nta, huchorwa kwa sindano, hutiwa katika tindikali ili ile mistari iliwe, kisha wino hukaa ndani ya mashimo na si juu yake. Picha zake ni za watu wangojao, wenye huzuni, kama waliofunikwa na ukungu. Alikufa katika ajali ya motokari mwaka 1972, akiwa bado kijana.

Aliyejulikana kuliko wengi ni John Muafangejo, Mkwanyama aliyezaliwa mwaka 1943 kusini ya Angola, akalelewa karibu na misioni ya Waanglikana upande wa Namibia, akasoma Rorke's Drift toka mwaka 1967 hata 1969. Baadaye alifundisha katika shule ya misioni ya Odibo. Yeye hakutosheka na picha peke yake. Alichonga na maneno ndani yake, kwa Kiingereza chake mwenyewe, kila herufi kinyume, ili mtu asiseme hakuelewa. Alivichonga vita vya Rorke's Drift, na ndani ya picha yake Wazulu si kivuli cha nyuma, bali wamejaa mbele ya macho.

Katika kazi zake iko moja ambayo sisi tunaoandika katika gazeti la misioni hatuwezi kuipita. Kanisa la Kilutheri la Ovambo lilikuwa na nyumba ya kupigia chapa huko Oniipa, kaskazini ya Namibia, iliyotoa vitabu na gazeti kwa lugha za watu wa huko. Katika mwaka 1973 nyumba hiyo iliharibiwa kwa baruti. Watu wakaijenga tena, na ilipofunguliwa mwaka 1975 Muafangejo aliifanyia picha. Katika mwaka 1980 ikapasuliwa mara ya pili. Lakini ile picha, iliyochongwa kwa mkono katika kipande cha kitandiko cha sakafu, haikuweza kupasuliwa, kwa kuwa nakala zake zilikuwa zimekwisha kutawanyika. Muafangejo alikufa mwaka 1987, kabla ya nchi yake kupata uhuru mwaka 1990.

Wako wanaosema ya kuwa kazi hii haikuwa ya Waafrika hata kidogo, kwa sababu walimu walikuwa Waswidi, na chombo kilitoka Ulaya, na wanunuzi wengi walikuwa Wazungu. Neno hili lina kweli ndani yake, wala halifai kudharauliwa. Mbatha mwenyewe alihamia Uswidi mwaka 1969, akakaa huko hata alipokufa mwaka 2018. Na shule ile ya sanaa ilifungwa mwaka 1982, ijapokuwa kufuma na kufinyanga kuliendelea. Walakini twajibu hivi: herufi tunazoandikia Kiswahili leo nazo zilitoka kwingine, na kabla yake tuliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo nazo zilitoka kwingine, hata neno chapa, kama tulivyosema, ni mgeni. Hatuulizi chombo kilitoka wapi, bali mkono uliokishika ulisema neno la nani. Bongiwe Dhlomo, aliyezaliwa mwaka 1956 na kusoma hapo hapo, alichonga picha za watu wanaohamishwa kwa nguvu katika makao yao. Hakuna Mswidi aliyeweza kumpa habari hizo. Zilikuwa habari za nchi yake.

Tumalize kwa kukiri kosa letu. Katika miaka yetu ya kufundisha tumefuta picha nyingi katika madaftari ya watoto, tukiziita upuuzi na kupoteza wino, na mtoto tukamrudisha kwenye hesabu zake. Pengine hesabu zilimfaa. Lakini ni nani ajuaye tulifuta nini? Kipande cha linoliamu si ghali, na pasipo linoliamu liko gome, na ubao laini, hata kiazi kilichokatwa. Na kijiko cha kusugulia kimo katika kila jiko. Kilichowapata wagonjwa wale wa Ceza si mali nyingi, bali ni mtu aliyewapa kisu akawaambia wasimulie habari zao wenyewe, kisha akaketi kuzisikiliza. Jambo hilo laweza kufanyika katika shule yoyote, ikiwa mwalimu atazuia mkono wake usifute upesi.